Mtu wa Mombasa Anayemwita Christabel

Kepher Mokaya, nyapara wa wachumaji katika shamba moja la chai nje ya mji wa Kericho, ni mtu mtulivu. Hanywi, hagombani, na kila Jumamosi hukaa kanisani mpaka jioni. Wivu tu ndio uliomshinda, na wivu huo uliletwa na mpira.

Mkewe, Christabel, anashughulikia uagizaji katika kiwanda cha gambuti mjini. Mpira ghafi hutoka Thailand, na sheria haina mchezo: mzigo ukaguliwe huko huko kabla ya kupakiwa, upate cheti cha ubora, la sivyo utazuiwa bandarini. Kwa kuwa Thailand hupambazuka mapema na habari za mzigo hufika alfajiri, Swaleh, wakala wa forodha aliyeko Mombasa, humpigia Christabel simu kabla hajatoka nyumbani.

"Bi Christabel, umelalaje?"

Kepher huwa mlangoni akivaa gambuti zake, masikio yote ndani.

"Mwanamume anakuuliza umelala aje, ndio ajue nini?"

"Watu wa pwani husalimiana hivyo, Baba Eucabeth. Hata askari wa getini anaulizwa."

"Na lazima akuite jina?"

"Ulitaka aniite nani? Shangazi?"

Hilo ndilo lililomchoma. Tangu binti yao azaliwe, yeye mwenyewe alimwita Mama Eucabeth, kama majirani wote. Sasa jina alilokuwa akilitamka kwa kutetemeka wakati wa uchumba lilikuwa kinywani mwa mtu mwingine, tena lililainishwa vizuri kuliko alivyoweza yeye.

Jumatatu moja simu ililia Christabel akiwa anaoga. Kepher akaipokea.

"Bi Christabel, umelalaje?"

"Amelala na bwana yake."

Akakata, akaizuia namba hiyo, na hakumwambia mkewe. Siku nzima alitembea kati ya michai akiwa mwepesi, hata akamsamehe mchumaji aliyeleta majani magumu.

Kumbe Swaleh alitaka kusema kwamba mpira ungepakiwa siku hiyo, si Alhamisi, na mkaguzi aitwe upesi. Ofisi ya kiwanda ilipofunguliwa akapiga huko, akamweleza Christabel alivyojibiwa asubuhi, lakini kontena lilikuwa limeshafungwa bila kukaguliwa. Ilibidi lifunguliwe upya, na meli haikungoja.

Jioni Christabel aliweka simu mezani.

"Meneja amesema ikitokea tena, kazi yangu anapewa Winny wa ofisini. Wewe ndiye uliyekata simu, na wewe ndiye utakayempigia Swaleh."

Kepher aliishika simu kama kitu cha moto. "Mimi ni mume wa... wa Christabel," akasema. Jina lilitoka kwa shida. "Asubuhi nilikukosea."

"Yamekwisha, kaka. Umeshindaje?"

Kepher alimtazama mkewe. "Vibaya," akajibu.

Siku hizi simu ya Swaleh hupokelewa kwa spika katikati ya meza, na Kepher haondoki mpaka salamu ziishe. Wivu haujamtoka. Ila huamka kabla simu haijalia, akamgusa mkewe bega.

"Christabel," humwambia, "umelala aje?"