Mguu wa Kushoto wa Idda

Idda alizaliwa Matamba, mfupa wa paja la kushoto ukiwa nje ya kikombe chake cha nyonga, na hakuna aliyegundua mpaka alipoanza kutembea akiyumba kama bata. Shuleni alichapwa kwa kuchelewa. Wenzake walimpiga mtama mguu wa kulia, kwa kuwa ndio uliomsimamisha; watoto huujua mwili wa mwenzao mapema kuliko madaktari.

Akiwa na miaka thelathini na minne, ameshaolewa Mahongole, daktari wa misheni alimwekea nyonga ya chuma yenye kikombe cha plastiki. Alisema itadumu miaka kumi na tano. Kwa nyonga iliyozaliwa hivyo, labda pungufu. Mradi asianguke.

Sasa nyonga hiyo ilikuwa katika mwaka wake wa ishirini na nne. Mumewe alipozikwa, shemeji yake Efraimu alisubiri matanga yaishe, kwa adabu zote, kisha akaja asubuhi na mpini wa jembe kumtoa shambani. Ukoo mzima ulijua mguu mbovu wa Idda ni wa kushoto. Ulijua tangu mahari inajadiliwa, na habari ya ukoo hairekebishwi kwa sababu ya upasuaji. Basi Efraimu akaupiga huo, kwenye nyonga, kwa nguvu zake zote.

Ngozi ilipasuka, damu ikashuka mpaka ndani ya buti. Idda hakuanguka. Efraimu alishangaa kidogo, na hapo ndipo alipokosea. Idda alimgeuzia mgongo wa nyengo, mundu wa kufyekea aliokuwa nao mkononi: pigo la kwanza likavunja mkono, la pili likaondoka na meno mawili. La tatu lilizuiwa na majirani, ambao ndiyo kwanza walikuwa wamepata nafasi ya kufika.

Polisi waliwapa kila mmoja PF3 yake, fomu ya kutibiwa majeraha, wakapelekwa Njombe kwa gari moja. Njia nzima Idda hakuwaza kesi. Aliwaza kama chuma kimelegea, maana asiyeweza kusimama halimi, na shamba lisilolimwa lina mwenyewe mwingine.

Daktari aliitazama picha ya eksirei muda mrefu. Chuma kimeushika mfupa, alisema, ila plastiki imelika, upande mmoja imebaki kama ganda la yai. Itabidi ibadilishwe, lini, hajui. Atembelee magongo mwezi mzima, arudi kila mwaka, asibebe mizigo, asipigwe.

"Hilo la mwisho mwandikie huyo," Idda alisema.

Efraimu, kwenye benchi, aliuliza kupitia pengo lake jipya, "Kwa hiyo, shemeji, mguu mbovu siku hizi ni upi?"

"Wa kulia hawajaupima. Jaribu huo."

Jumatatu Idda alikuwa shambani akipalilia. Magongo ya hospitali alikuwa ameyasimika ardhini, maharage yapate pa kutambaa.