Kigoda cha Jikoni kwa Mama

Kwa muda mrefu nilikana, hata mbele ya mume wangu, kwamba nilimwonea wivu mchuma pamba. Nilimwonea. Tena wivu wa kukosa usingizi.

Alikuja Ipililo kutoka Kasulu msimu wa mavuno, na wenzake walipoondoka yeye akabaki kumsaidia mama shambani. Mimi niliishi Bariadi, nikitoa mada kwenye semina kuhusu kuwajumuisha vibarua wahamiaji katika jamii. Nilizitoa vizuri. Watu walipiga makofi, kisha tukanywa chai.

Asubuhi moja nilifika kwa mama nikamkuta mchuma pamba huyo amekalia kigoda changu jikoni, akikata viazi vitamu vya kukausha kuwa michembe na kuongea Kisukuma chenye lafudhi ya kwao. Naye alimwita mama "Mayu", yaani mama kwa Kisukuma. Mimi, tangu nisome chuo kikuu, humwita "Mama", kama tuko ofisini.

"Mwangaluka, dada," alinisalimia kwa Kisukuma.

"Nzuri," nikajibu kwa Kiswahili. Mama akanitazama kama nimevunja chungu.

Alipotoka kwenda kuanika viazi, mama akanieleza shida. Nzengo, umoja wa majirani wa kusaidiana na kuzikana, ilikuwa ikae kuamua kama itampokea. Asipopokelewa, akiugua hakuna wa kumbeba, akifa hakuna wa kumchimbia. Mgeni husimamiwa na mwanachama, ila si tajiri wake wala mzazi wake. Ndiyo maana mama alinitaka mimi, mwanachama tangu kuzaliwa.

"Nitafikiria, Mama."

"Ufikirie nini? Si ndiyo kazi yako hii? Au kaburi lake litachimbwa na semina?"

Nilirudi mjini nikafikiria. Yaani nilikaa na picha ya kile kigoda, na lile "Mayu" lililomtoka kwa urahisi vile. Nikamwandikia mama kwamba suala kama hili linahitaji mchakato. Msomi akiwa na wivu huuita mchakato.

Jumapili mama akanipigia.

"Nzengo imekaa. Amepokelewa. Jirani yetu kamsimamia."

"Vizuri sana," nilisema, kwa sauti ya mtu aliyemeza mfupa.

"Ngoja. Wameuliza na habari zako. Kila msiba unatuma pole kwa simu, hujawahi kuchota hata ndoo ya maji. Wamekutoa."

"Wamenitoa? Mama, mimi nimezaliwa hapo!"

"Ndivyo nilivyowaambia. Wakasema na wao wamezaliwa hapo, na maji wanachota. Ukitaka kurudi, tafuta wa kukusimamia. Mimi siwezi, nimekuzaa."

Nyuma yake mtu alicheka, kicheko nilichokifahamu vizuri mno.

"Huyu hapa anasema atakusimamia yeye," mama akaendelea. "Ila msiba ujao uje na ndoo yako."

"Mwambie nashukuru."

"Mwambie mwenyewe. Na umsalimie vizuri safari hii."

Nikasikia kigoda changu kikilia alipoinuka kuipokea simu.