Baba Anacheka Jikoni kwa Mtu

Picha pekee ya baba yetu akicheka ipo sehemu mbili duniani. Moja imebandikwa ukutani, jikoni kwa bibi mmoja wa Kizungu, katika nchi ambayo theluji hufunika magari mpaka vioo. Nyingine imo ndani ya simu ya kaka yangu, dereva wa watalii hapa Karatu. Mimi siku aliyocheka nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka alipokaa, na sina nakala.

Sababu ya kutokuwa nayo ni ya kipuuzi, na mimi mwenyewe nimo ndani yake, kwa hiyo nitaieleza kwa mpangilio.

Karatu kuna madhehebu mengi yanayoishi pamoja bila shida. Mlutheri anaoa Mkatoliki, maneno yanasemwa wiki mbili, yanaisha. Mwenye duka Mwislamu anachangia harusi ya kanisani na anakaa meza ya mbele. Madhehebu yasiyooana kabisa ni mawili tu: watu wa Tunda na watu wa Roboti. Tunda ni zile simu zenye alama ya tunda lililomegwa mgongoni. Roboti ni nyingine zote, zinazoendeshwa na yule kijiroboti wa kijani.

Madereva wa watalii ni Tunda. Sisi watu wa vitunguu ni Roboti. Kazi yangu ni kununua vitunguu Mang'ola na kuvipakia kwenye malori, na kwa kazi hiyo nahitaji laini mbili, chaji ya kutwa nzima, na simu ambayo ikitumbukia kwenye mfereji wa kumwagilia inaokotwa, inafutwa na kanga, kazi inaendelea. Kaka anasema hizo ni sifa za punda.

Nimeyasikiliza mabishano ya madereva mara nyingi, pale wanapooshea magari, wakisubiri vumbi la kreta ya Ngorongoro litolewe kwenye vyuma. Kila mmoja ana sababu yake. Picha zake zina uhai. Haiingii virusi. Mgeni akiona umeshika kama yake, anatulia. Siku moja niliuliza kama kuna yeyote anayejali inavyopiga simu.

"Dada, kupiga simu hata kitochi cha vitufe kinapiga," alijibu mmoja wao, bila kunitazama.

Jambo ambalo hawalisemi ni kwamba wengi wao Tunda hawakulichagua. Walipewa. Mgeni akimaliza safari anaacha buti, anaacha darubini, na siku hizi anaacha simu yake ya zamani. Mtu aliyekuwa Roboti Jumatatu, Ijumaa anapewa Tunda, na Jumapili anakushangaa wewe uliyebaki gizani. Imani imekuja baada ya zawadi. Nchi hii imeshawahi kuona mambo hayo.

Kaka naye alipewa. Yule bibi wa Kizungu alizunguka naye siku sita, Ngorongoro na kwingineko, na asubuhi ya kuagana alimpa simu ikiwa ndani ya soksi ya sufu, pamoja na karatasi yenye tarakimu sita za kuifungulia. Alimwambia asifute kitu, kila kitu kiko sawa. Kaka aliyachukua maneno hayo kama amri. Hakufuta kitu.

Baada ya wiki mbili simu ilianza kuleta picha zenyewe. Asubuhi kaka anaamka, anamkuta paka. Kesho yake sahani ya supu. Keshokutwa paka yuleyule amekaa kwenye kiti, mezani, amevaa sweta. Mtu mwingine angejiuliza picha hizo zinatoka wapi. Kaka alizipeleka kwenye kuoshea magari.

"Tunda linakuletea picha za kukutuliza," aliwatangazia. "Kila siku mpya. Roboti yenu inawaletea nini?"

"Matangazo ya mikopo," alisema mmoja, kwa unyonge wa kweli.

Wenye Tunda wengine walijua kwamba simu zao haziwaletei paka. Sikumsikia hata mmoja akisema. Walitikisa vichwa kama watu wanaoujua muujiza huo toka zamani, na nilimwona mmoja akigeuka pembeni na kuipekua yake kimyakimya, akitafuta paka alipo.

Mtu pekee aliyepinga ni fundi simu mwenye kibanda karibu na soko. Anatengeneza simu, anatoa kopi, anachapa kadi za harusi, na ni Roboti wa kutupwa. Alimwambia kaka mbele ya watu, "Kaka mkubwa, hiyo simu bado ina mwenyewe. Wewe umeazimwa."

"Ustadhi, wivu utakuua," kaka alimjibu.

Watu walicheka, na kuanzia siku hiyo kaka hakukanyaga tena kwenye kibanda kile. Akipita sokoni anazunguka upande wa pili, kwenye maharage.

Sasa nifike kwa baba. Ujanani alikuwa kibarua kwenye shamba la kahawa kule Oldeani, halafu akarudi kulima mahindi na maharage yake, na ng'ombe wachache. Hakuwa mkali. Alikuwa tu mtu anayekaa mbele ya kamera kama anayesubiri kusomewa hukumu. Picha zake zote, za vitambulisho na za harusi zetu, zina sura hiyohiyo.

Jumapili moja tulikuwa nyumbani kwake, baada ya chakula. Kaka alimwonyesha yule paka mwenye sweta. Baba aliishika simu kwa mikono miwili, akaisogeza mbali na macho, akaitazama muda mrefu.

"Huyu amekaa kwenye kiti?"

"Ndiyo, baba. Kiti chake."

"Mimi Oldeani nimechuma kahawa mpaka vidole vikawa vyeusi, sikuwahi kuonyeshwa kiti," baba alisema. "Na sweta amepewa." Akakitazama tena kile kichwa cha paka kilichotokeza kwenye sufu, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akajishika goti. Pengo la juu lilionekana, lile ambalo alikuwa amelifunga mdomoni kwa miaka yote.

Kaka alimnyang'anya simu na kumpiga picha. Mimi nilitoa yangu nikabonyeza, nayo ikanijibu kwamba nafasi imejaa. Ilikuwa imejazwa na maua ya kunitakia asubuhi njema kutoka kwenye magrupu manne. Nikaanza kufuta maua. Nilipopata nafasi, baba alikuwa ameshafunga mdomo na anauliza kama ng'ombe wamepewa maji.

Siku ya tatu kaka alipata ujumbe kutoka kwa yule bibi. Alimwandikia kwa Kiingereza kwamba mzee anayecheka amemfurahisha sana, kwamba amemchapisha na kumbandika jikoni, juu ya birika. Kaka alinipigia akiwa kwenye foleni ya geti la Lodoare, la kuingilia Ngorongoro. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Mdogo wangu, mimi sijamtumia picha ya baba."

Nilimweleza nilivyoelewa. Simu ilikuwa bado na akaunti ya bibi. Kila alichopiga bibi kilikuja kwa kaka, na kila alichopiga kaka kilikwenda kwa bibi. Bibi alikuwa ameshaona mengi: ng'ombe mgonjwa, vikao vya mahari, tairi zilizopasuka, na picha nyingi za kaka mwenyewe akiwa amevaa miwani kwenye kioo cha pembeni cha gari. Nilisikia gari la nyuma yake likipiga honi.

"Kwa hiyo yule paka ni wake," kaka alisema.

Nilidhani hapo ndipo imani ingetikisika. Wiki hiyohiyo nilimkuta pale wanapooshea magari akieleza kwamba Tunda lina uaminifu kiasi kwamba linamkumbuka mwenyewe hata akiwa bara lingine. Yamkini kuna viapo vya ndoa vyenye nguvu kidogo kuliko uaminifu huo.

Miezi michache baadaye baba alifariki, kwa ugonjwa wa siku chache. Nilitaka ile picha iwekwe kwenye jalada la ratiba ya mazishi. Mchapaji pekee aliyekuwa karibu, na aliyefungua siku ile, alikuwa yule fundi simu. Alikuwa tayari. Alisema tumtumie tu kwenye WhatsApp, yeye anaisubiri.

"WhatsApp inabana picha," kaka alisema. "Baba atatoka na ukungu, ndiyo maana hata wewe sijakutumia. Na kwenye Roboti yake atatoka na mistari."

"Basi ipeleke mwenyewe, achomeke waya."

"Kwake siendi."

Tulibishana jikoni, kwa sauti ya chini kwa sababu ya wageni wa msiba, mpaka muda ukatuishia. Baba alizikwa na picha ya kadi ya mpiga kura juu ya jalada, anasubiri hukumu. Wafugaji wa kijiji cha Arash waliokuja kumzika, ambao baba aliwahi kununua ng'ombe kwao, waligeuzageuza ratiba na mmoja aliuliza kama mzee alikuwa na hasira na mtu. Jioni ile bibi aliandika pole. Alikuwa ameshaliona kaburi kabla hatujarudi nyumbani.

Halafu picha za paka zilikoma. Badala yake simu ilianza kumuuliza kaka nywila ya akaunti, kila asubuhi. Kaka hana nywila. Ana zile tarakimu sita za kufungulia kioo tu. Nilikwenda mimi kwa fundi kuuliza, na alinieleza bila kushangilia, jambo ambalo lilinitia wasiwasi zaidi. Huko ng'ambo mtu amebadilisha nywila. Labda bibi mwenyewe, labda wanawe. Mtu huyo akiamua kuisafisha simu kutoka alipo, itajifuta yote siku itakayogusa intaneti.

"Mwambie asiwashe data," fundi alisema. "Na aje. Ni dakika tano. Sitasema kitu."

Nilifikisha ujumbe. Kaka alizima data, hilo alilikubali. La kwenda alilikataa.

"Hatasema kitu kwa mdomo. Atasema kwa macho."

"Kaka, ni picha ya baba."

"Ndiyo maana haiendi kwenye kibanda cha vioo vilivyopasuka." Kisha akanipa sharti lake, ambalo naona alikuwa amelipanga muda mrefu. "Wewe nunua Tunda, hata lililotumika. Nakurushia hewani, Tunda kwa Tunda, hapahapa, bila intaneti. Baba anakuja kwako mzima, na pengo lake."

Ningependa kuandika kwamba nilikubali. Nilimwambia kwamba siwezi kununua simu inayozimika saa nane mchana ili nipate picha ambayo ni haki yangu. Nikamwambia pia kwamba sihami dhehebu kwa kulazimishwa. Neno dhehebu nilikuwa nimelitumia kuwacheka wao, na nilijisikia likitoka mdomoni mwangu bila mzaha.

Nilijaribu njia ya mkato. Nilimwomba aifungue ile picha, nikakipiga picha kioo chake kwa Roboti yangu. Nilichopata ni dirisha, taa ya sebuleni, na kivuli cha kichwa changu kimekaa juu ya meno ya baba.

Mwezi uliopita alinipa lifti mpaka njia panda. Nilifungua kisanduku cha katikati ya viti nikitafuta maji ya kunywa, nikakuta simu. Roboti, mpya, ya laini mbili, imefunikwa na kitambaa cha kufutia vioo. Nikaelewa kwa nini kaka asiye na data anajibu ujumbe wa wageni haraka vile.

"Hiyo ni ya ofisi," alisema, macho barabarani.

"Chaji inakaaje?"

Alipita matuta mawili kwanza. "Siku mbili," alisema. "Ukiwaambia wa kule kuoshea magari, hatujuani."

Sijawaambia. Tunda linakaa juu ya dashibodi, mahali ambapo mgeni akipanda analiona, data imezimwa, haliwasiliani na mtu yeyote. Kila asubuhi linauliza nywila, na kila asubuhi kaka anabonyeza "si sasa." Mbele ya wenzake bado anasema hajawahi kuona simu kama hiyo, na hapo hasemi uongo.

Namba ya bibi kaka aliniandikia kwenye kipande cha boksi la chakula cha wageni. Nilimwandikia kutoka kwenye Roboti yangu, kwa Kiingereza cha shule: mimi ni mtoto wa yule mzee wa jikoni kwako, naomba uipige picha hiyo ukutani na kunitumia, hata ikiwa na ukungu. Kaka akinipigia siku hizi hasalimii. Anaanza na "Amejibu?" Nami nafungua kutazama, ingawa najua. Alama ya tiki ni moja, ya kijivu: ujumbe haujafika kwake. Imekaa hivyo, sasa ni wiki ya tano.