Jante ya Kapela na Ng'ombe wa Mahari

Sekondari nilisoma pedagojia, yaani ualimu, na somo nililoshika zaidi ni la mtaalamu mmoja wa Urusi aliyechunguza mate ya mbwa. Mwalimu alitueleza kwamba baba yake alikuwa padre mwenye mke. Darasa zima tukawasahau mbwa, tukauliza habari za huyo mke. Hata hivyo nilikumbuka: mbwa akizoea kupewa chakula kila anaposikia kengele, mwishowe kengele peke yake inamtoa mate.

Nilipopata ng'ombe wangu hapa Kirolirwe, nikajaribu. Nilitundika jante ya kamio, ile rimu ya chuma ya gurudumu la lori, nikawa naigonga kwa nyundo kabla ya kuwapa chumvi. Baada ya mwezi sikuwafuata tena mlimani. Nikigonga, wanashuka mbio, ndimi nje. Nikajiona profesa.

Kisha mwanangu akaoa, nami nikatoa ng'ombe wa mahari katika kundi hilohilo. Mkwe wangu, baba wa bibi harusi, anakaa kilima cha pili, jirani na kapela, kanisa letu dogo, na kengele ya kapela nayo ni jante ya kamio. Nililijua hilo, nikanyamaza.

Jumapili ya kwanza katekista alipogonga, ng'ombe walivunja ua, wakaingia kapela na kumlamba mikono.

"Papa katekista," mama mmoja akapaza sauti, "leo utabatiza mpaka ng'ombe!"

Watu walicheka, mkwe hakucheka. Alinigeukia.

"Muzee, umezifundisha kukimbia ili zirudi kwako?"

"Mimi? Labda zinapenda kusali."

Siku ileile akamtoa binti yake kwa mwanangu, akamrudisha nyumbani kwake. "Mutoto wangu iko hapa mpaka ng'ombe zako zitulie," alisema. Mwanangu akaanza kujipikia maharage, na kuyaunguza.

"Wende useme ukweli," mke wangu aliniambia. "Masomo yako njo imevunja nyumba ya mutoto."

Nilikwenda, nikakiri kila kitu, hata uongo wa kusali. Halafu nikamweleza mkwe nusu ya pili ya somo: kengele ikilia mara nyingi bila chakula, mnyama husahau. Akaniazima nyundo.

Kila asubuhi nilipanda kilima chake na kugonga kipande cha jante, mikono mitupu. Ng'ombe walikuja, wakaninusa mifuko, wakanitazama kama nilivyomtazama mwalimu wa hesabu. Mkwe alikaa kwenye kigoda akinisimamia.

"Gonga tena, Papa profesa. Ile nyekundu ingali inakupenda."

Wiki zikapita. Asubuhi moja niligonga, wote wakaendelea kula majani, hata ile nyekundu. Mkwe alisimama, akamwita binti yake afunge mizigo. Jioni mwanangu alikula maharage yasiyoungua.

Ng'ombe wamesahau. Lakini hadi leo, jante ya kapela ikilia, mkwe wangu anaacha benchi, anakwenda mlangoni kutazama zizi lake, kisha anarudi kukaa. Wakristo wanacheka chinichini. Mimi nakaa nyuma yake na sicheki, kwa sababu huyo nimemfundisha mimi, na sijui nimsahaulishe vipi.