Maua ya Kamati ya Harusi

Ukombozi wa kata yetu niliuanzishia Oxon Hill, kwenye chumba cha chai cha nyumba ya wazee ninakofanya kazi, kikombe mkononi. Ukishakuwa ng'ambo ya bahari, ushujaa haukupunguzii hata usingizi.

Kisa chenyewe kilikuwa picha. Dada yangu ni mwalimu mkuu wa shule ya msingi ya serikali huko kwetu. Alinitumia picha ya darasa la tatu: ukuta umepasuka kiasi cha kupitisha mkono, umeegemezwa magogo mawili. Chini akaandika, "Usiirushe popote." Nikamwonyesha mwenzangu wa zamu, Mkenya wa Kisii, mama mwenye mdomo wake.

"Na umenyamaza tu?" akasema. "Nyinyi Watanzania mnaogopa hata kivuli. Sisi tungekuwa tumeshai-post kitambo, na mheshimiwa ameshaanza ku-explain."

Mimi nikichokozwa, akili huwa inatoka kwanza, mimi naifuata nyuma. Nikaitupa picha kwenye grupu la Kamati ya Harusi.

Grupu hilo lilifunguliwa kwa ajili ya harusi ya binamu yetu. Maharusi sasa wana watoto watatu, lakini kamati haijavunjwa, maana kujitoa ni kutangaza ugomvi. Tumo zaidi ya themanini. Misiba humo, matokeo ya mitihani humo. Siasa tu ndiyo haikai. Mtu akithubutu kuuliza habari za barabara, mara linaingia waridi jekundu lenye maneno "Mungu ni mwema", kisha jingine, na mada inakufa. Nilikuwa nikiwaona ndugu zangu mabwege. Kwa hiyo chini ya picha niliandika: "Viongozi wa kata mmelala usingizi gani? Na nyinyi ndugu zangu, acheni maua, semeni!" Nikafungia simu kwenye kabati, kama sheria ya kazini inavyotaka, nikaenda kuogesha wazee huku naimba.

Saa tisa alasiri nilipoifungua, nilikuta ujumbe zaidi ya mia mbili. Maua matupu. Waridi, alizeti, kwaya tatu, na pongezi za kuzaliwa kwa mjomba ambaye najua fika alizaliwa mwezi mwingine. Shangazi yangu, ambaye bando lake hulipima kama sukari ya mwezi wa Ramadhani, alikuwa ametuma video kumi na moja. Picha yangu ilikuwa imezikwa, na udongo umeshindiliwa.

Halafu nikasikiliza ujumbe wa sauti wa dada.

"Wewe, nani alikuwa mwenyekiti wa kamati ile?"

Mwenyekiti alikuwa mtendaji wa kata mwenyewe, na bado yumo. Kule kila mtu alilijua hilo kila siku. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa na nafasi ya kusahau.

"Kwenye picha, ubaoni kuna mwandiko wangu," dada akaendelea. "Nikihamishwa porini, mama ataangaliwa na nani? Wewe? Kwa simu? Shangazi kamaliza bando lote. Anasema simu ya mtendaji ni ndogo, ikijaa inaganda, huenda hajafika huko juu kwenye picha."

Niliona aibu, tena aibu ya kuvuja jasho. Wale niliowaita mabwege walikuwa wameshinda kutwa nzima wakimfunika dada yangu kwa maua, na mimi ndiye niliyemvua nguo.

Kabla sijajibu, ukaingia ujumbe wa faragha. Wa mtendaji.

"Shikamoo dada. Naomba ufute ile picha kabla sijaiona. Nikishaiona itabidi niiandikie ripoti, nitaje aliyeipiga, na huko wilayani watauliza nilikuwa wapi siku zote."

Nilicheka peke yangu pale kwenye makabati, kicheko cha mtu aliyeponea chupuchupu. Nikarudi kwenye grupu kufuta, nikipanda juu na kuyaruka maua moja moja, na kazi haikuwa ndogo. Mwenzangu akachungulia juu ya bega langu. "Ehe, wame-react?" Nikamwambia wametuma salamu.

Nilipoifikia picha, nikaona ua la kwanza kabisa, lililoingia dakika moja baada yangu, kabla ya shangazi, kabla ya mtu yeyote. Waridi jekundu, Mungu ni mwema. Lilitoka kwa mtendaji.

Nikafuta. Nikamwandikia, "Marahaba. Imefutwa. Asante."

Akajibu papo hapo: "Asante sana. Hayo magogo niliyakata mimi. Mwanangu anakaa dawati la karibu na ukuta."