Neno la Daktari kwa Baba

Nakumbuka mchana mmoja wa msimu wa pamba, mwanangu. Nilikuwa msichana niliyetoka tu kumaliza kidato cha nne, na mama yangu amelazwa hospitali moja hapa Bariadi. Daktari alikuwa mgeni kutoka ng'ambo, Kiswahili chake cha salamu tu, basi mimi nikawa mkalimani wa baba. Kichwa kilinivimba, nakwambia.

Baba alikwisha kushika mfuko wake arudi kijijini kwetu Shishiyu, maana pamba ilikuwa inamwagika shambani na hakuna wa kuivuna. Alingoja neno moja tu: mama anapona au hapana?

Daktari akasema, "She is hanging in there," akanigusa bega, akaenda zake. Nikamgeukia baba. "Anaendelea vizuri."

Sasa tusikilizane. Waingereza wana semi mbili zilizo kama mapacha. Mgonjwa akiwa "getting there", anakaribia kupona, kama msafiri aliyekwisha kuliona paa la kwao. Akiwa "hanging in there", anang'ang'ania tu asianguke. Zote mbili husemwa kwa sauti ya kutia moyo. Mimi tofauti niliijua, lakini ulimi hauna mfupa, nami nilimtaka mama yangu.

Baba hakujua Kiingereza, ila mimi alinijua.

"Mayu," akasema, maana ndivyo baba wa Kisukuma anavyomwita binti yake, "hayo kasema daktari, au ndiyo unayoyataka wewe?"

Nikalia. Nikamwambia kama lilivyosemwa: mama anashikilia tu, hatujui. Akauweka mfuko chini.

"Basi nabaki. Siku nyingine usinipunguzie maneno."

Mama alifariki kabla ya Jumapili, baba amemshika mkono. Pamba nyingi iliharibika mwaka ule, na sikumsikia akiijutia hata mara moja.

Mwanangu, leo wewe ndiye msomi wetu, ndiye tunayempa simu atusomee ujumbe wa Kiingereza. Maneno mawili yakifanana, usituchagulie lililo tamu. Usipojua, uliza, kuuliza si ujinga. Ukijua, tuambie, hata kama sauti inatetemeka. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Mungu akujalie ulimi mnyoofu na moyo wa huruma. Na siku yangu ikifika, uwe wewe wa kuniambia.