Siri Aliyoambiwa Mungu Peke Yake

Dobi yule hakuwa mtu wa kuamini mambo kirahisi. Miaka kumi na tisa ya kufua nguo za watu ilimfunza kwamba kila mfuko una lake, na suruali haikuguswa na maji kabla hajaipekua. Aliyemwamini bila kumkagua alikuwa Mungu tu.

Miezi minane nyuma mumewe, fundi bomba mwenye mabega ya kujaza mlango, alianguka bafuni kwa mteja, spana mkononi. Kiharusi kikamchukua upande wa kulia, na maneno yakabaki yanatoka moja moja, kwa jasho. Tangu hapo dobi alimlisha, akamgeuza, akambadilishia shuka, kisha akaenda kazini kufua shuka za wengine. Kila alfajiri, mgonjwa akiwa bado amefumba macho, alipiga magoti kando ya kitanda akaomba kwa sauti, kama alivyolelewa na mama yake. Sala ya kimoyomoyo aliiona kama barua isiyo na stempu.

Mwanzoni aliomba uponyaji. Baadaye akaomba nguvu. Halafu alfajiri moja, mgongo ukimwuma, likamtoka: "Bwana, nimechoka. Mchukue yeye au nichukue mimi." Aliyaogopa maneno yake mwenyewe, lakini kesho yake akayarudia, na keshokutwa tena.

Hapo ndipo wema ulipoanza kumiminika, na wema huo ukamtia wasiwasi. Sauti ya Kwanza, mwanakwaya aliyeitwa hivyo kwa kuwa hata salamu aliitoa kwa juu, alimfanyia zamu yake ya kufagia kanisa bila kuombwa. Katibu wa kikundi cha sala, mama ambaye hakuwahi kutoa kitu bila kukiandika, akamletea sabuni. Jumapili, Mama Mchungaji akamshika mikono. "Dada, kuchoka si dhambi. Mungu anajua."

"Kuchoka? Nani kasema nimechoka?"

"Aa, nasema tu," akajibu Mama Mchungaji, macho yakakimbilia kwenye viatu.

Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo ndiyo iliyokuwa kazi yake. Aliamua kumsaka mdudu huyo. Sauti ya Kwanza akanong'onezwa kwamba dobi anahama mji. Katibu akaambiwa kwamba mume wa dobi ana mtoto wa nje. Mama Mchungaji akaambiwa kwamba dobi amefukuzwa kazi. Ulikuwa uongo mtupu, na alishautubia mapema. Akatega sikio wiki nzima. Wanawake watatu wa kanisani, siri tatu tamu, na hata moja haikuvuja! Nusura akasirike.

Basi si wao. Lakini ile ya kweli ilikuwa imetoka nje, na ile hakumwambia kiumbe yeyote. Alipofika hapo, mkono ulimganda juu ya pasi. Aliyemwambia ni Mungu peke yake.

"Hata Wewe, Bwana?" akauliza kwa sauti, mbele ya mashati ya watu.

Alfajiri iliyofuata hakupiga magoti. Ya pili pia. Ya tatu alijisemea kwamba Mungu asiyetunza siri hana la kuambiwa, na neno hilo lilimwuma kuliko mgongo. Mume alibaki nusu, na sasa hata wa kumlilia hakuwa naye. Akafunga kilemba akaenda zake kazini.

Siku hiyo umeme ulikatika, akarudi nyumbani saa nane mchana. Mlango wa chumba ulikuwa umerudishwa tu, na ndani mlikuwa na wageni. Akazitambua sauti zote tatu. Akanyata hadi mlangoni. Leo ni leo.

"Yangu... acheni," mumewe alikuwa akisema. "Mwombeeni... yeye. Siku... tatu... haombi."

"Tangu ulipotuambia amechoka hatujaacha, kaka," Katibu alijibu. "Na hatujamwambia mtu."

Dobi akausukuma mlango. "Kumbe ni wewe!"

Wageni wakasimama wote. Alikuwa amemsaka mwizi wa maneno yake hadi mbinguni, na mwizi alikuwa kwenye mto wa pili wa kitanda chake. Hasira ilimjaa kinywani, halafu ikageuka aibu.

"Ulikuwa unasikia?"

"Kila... siku."

"Hata ile ya... ya kuchukuliwa?"

Mumewe alimtazama bila kinyongo. "Niliitikia," akasema. "Amina."

Dobi akapiga magoti kando ya kitanda. Alilia mbele yao wote, bila kujali nani angeandika nini. Miezi minane alikuwa amemwombea mtu huyu pale pale ubavuni pake kama anayeombea kabati. Akaushika mkono wake wa kushoto, ule mzima.

"Hiyo usiiitikie tena," akamwambia. "Haya, niambie. Wewe mwenyewe, unataka tumwombe nini?"